Maziwa Yasiyoonjwa

Sehitwa, mwishoni mwa Agosti

Kwa mdogo wangu Gerson,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote. Naanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata mtu unayekwenda kumshtaki, kwanza umjulie hali. Basi, hujambo? Lile goti lililokusumbua kwenye mazishi ya shangazi linakuruhusu sasa kupanda ngazi za kanisa? Na Emgard, sukari yake imeshuka? Nauliza kwa dhati. Hasira yangu ni kwako wewe, si kwa goti lako wala kwa mkeo.

Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzee. Macho bado yanasoma, ila siku hizi nalifuata jua kutoka dirisha hadi dirisha kama paka. Ziwa limejaa mwaka huu, maji yamefika kwenye ile miti iliyokufa, na ng'ombe wananenepa. Nimekaa huku Botswana miaka mingi kuliko ile niliyokaa kwetu, nimefundisha watoto wa watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza, lakini mpaka leo nikisikia mtu akiliita ziwa hili letu, nageuka kuangalia anazungumza na nani.

Nilikupigia simu, ukaikata. Nikapiga tena, akapokea mtoto akasema babu yuko bafuni. Nikapiga wiki iliyofuata, babu yuko bafuni. Gerson, hata samaki hutoka majini. Ndiyo maana nimeandika, na barua hii nimempa Mchungaji Tjozongoro anayekuja huko kwenu Windhoek kwa mkutano wao. Nimemwomba akupe mkononi mwako na asiondoke mpaka amekuona umeisoma hadi mwisho. Ni mtu mwenye subira na anapenda chai.

Habari yenyewe ni ya Mbakondja, mtoto wa binti yangu Veundja, yule ambaye mlimtumia blanketi la manjano alipozaliwa. Tangu akiwa na miezi michache mtoto huyu ana ukurutu. Ulimwanzia mashavuni, ukashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mikono yake tuliivika soksi kuukuu ili asijikune mpaka damu. Muuguzi wa zahanati yetu alimpa Veundja marhamu ya kupaka panapowaka, na mafuta mazito ya kupaka mwili mzima baada ya kuoga. Alimwambia kwamba ugonjwa huu hauondoki kwa siku moja, unapanda na kushuka, na kazi yetu ni kuuzuia usipande. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kuna wiki ngozi ilitulia, mtoto akacheka, akala udongo kama watoto wote. Kuna wiki iliwaka, tukapaka, ikatulia.

Kisha akaja mwanao Uazuva.

Alikuja na gari lililojaa makopo mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Alipaki karibu na zizi, akashuka na shati jeupe, akanisalimia vizuri, baba mkubwa huku na baba mkubwa kule, akaniletea kahawa na miwani mipya. Nilifurahi kumwona. Nakumbuka ulivyonilalamikia miaka ile alipokuwa hana kazi, analala hadi jua linafika utosini. Sasa alikuwa amesimama wima, ana maneno, ana watu wanaompigia simu. Nilisema moyoni kwamba mdogo wangu hatimaye amepata mtoto wa kiume.

Mchana aliwakusanya wanawake kivulini mwa nyumba yangu, akafungua kopo moja. Ndani kulikuwa na unga mweupe. Akaeleza kwamba ni bakteria wema, waliokaushwa wakalala, na wakifika tumboni wanaamka na kuwafukuza wabaya. Akasema ngozi ni dirisha la tumbo, tumbo likichafuka dirisha linatoa ukungu. Akasema marhamu ya hospitali inakwangua ngozi na kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Na kila kopo lilikuwa na picha mbili za mjukuu wako Hilde, ya kwanza mashavu yamepasuka kama matope ya kiangazi, ya pili mashavu laini kama yai. Huyu ni binti yangu wa kumzaa, akasema, sikumwazima kwa mtu.

Wanawake walimcheka, Gerson. Bibi Kaurivi, jirani yangu, akaweka sawa kilemba chake chenye ncha mbili kama pembe za ng'ombe na kumwambia, "Mwanangu, kibuyu changu hakijaoshwa tangu nilipoolewa. Hao wadudu wako wa kwenye kopo wakiingia humo watapigwa na wenyeji!" Mwingine akauliza kama na nzi anao, na anawauzaje, kwa kichwa au kwa kilo. Wakaangua kicheko, wakaenda zao. Hakuna aliyenunua hata kopo moja.

Na mimi, ili usiseme ni mzee mjinga anayeogopa vitu vipya, sina ugomvi na hao vijidudu. Nimesoma habari zao kabla mwanao hajazaliwa. Najua ndio wanaogandisha maziwa yetu, na mama zetu waliwafuga ndani ya vibuyu vizazi na vizazi bila kujua majina yao. Ugomvi wangu ni wa kitu kingine.

Kesho yake asubuhi niliketi kwenye moto wa wazee, ule wa mababu usiozimwa, kama kawaida, nikaletewa kibuyu cha maziwa nionje. Desturi hii unaijua, nairudia kwa sababu mwanao ama ameisahau ama ameikumbuka vizuri mno. Hakuna anayekunywa maziwa katika boma hili kabla mimi sijayaonja. Nikishaonja, yamefunguliwa, kila mtu yuko huru. Na kilichoonjwa hakirudi. Hatuna neno la kukirudisha, baba hakutuachia, na babu hakumwachia baba.

Nikaonja. Maziwa yalikuwa na utamu kidogo, kama wa biskuti. Hata sijafuta mdomo, Uazuva akainua kopo juu mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri na vikombe vyao, akapaza sauti, "Mmeona! Baba mkubwa ameonja!" Alikuwa amemshawishi Veundja atie unga ule kibuyuni wakati wa kutikisa. Nilisema, na wote walisikia, kwamba nimeonja maziwa, sikuonja kopo. Lakini nani alikuwa ananisikiliza? Wanawake walewale waliocheka jana walikuwa wamenyoosha mikono. Bibi Kaurivi alikuwa wa kwanza. Gari liliondoka jepesi mpaka vumbi lake liliruka juu.

Kabla hajaondoka aliwapa maagizo. Marhamu iachwe kabisa, kwa sababu inapigana na bakteria. Na mwezi wa kwanza ngozi itachafuka zaidi kuliko mwanzo, msiogope, huo ni uchafu unaotoka.

Yatafakari hayo maneno ya mwisho, wewe uliyekuwa karani wa mahakama. Mtu anakuambia kwamba ukiona mtoto anazidi kuugua, ujue anapona. Baada ya hapo mama atashtuka kwa kitu gani?

Niliiona marhamu juu ya kabati, imefunikwa na vumbi, nikamuuliza Veundja. Akanijibu kwa upole, bila kiburi chochote, "Baba, si ulionja mwenyewe?" Nilimwambia tena yale niliyoyasema kwenye moto. Akaitikia kwa adabu, na marhamu ikabaki palepale. Ngozi ya Mbakondja ikaanza kutoa maji. Mama yake akafurahi. Ikafanya magamba ya manjano. Mama yake akampigia Uazuva, naye akampongeza, akamwambia aongeze kijiko. Siku mtoto alipoacha kujikuna tulidhani amepata nafuu, kumbe hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Alikuwa anawaka homa, na usaha ulikuwa unatoka nyuma ya masikio na shingoni. Muuguzi wa zahanati alimwangalia mara moja tu, akaita gari la wagonjwa.

Tulikaa naye hospitali ya Maun. Sitakuandikia yote. Nitakuandikia hili tu, kwamba kulikuwa na asubuhi moja ambapo daktari alimwita Veundja pembeni na kumuuliza kama angependa mchungaji aje. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi na nilisikia. Nimezika watu wengi katika nchi hii ambayo si yangu, Gerson, nimezoea kuchimba katika mchanga wake, lakini asubuhi ile niliapa kwamba yule simchimbii.

Alipona. Jina lake maana yake ni nimepambana, na alipambana. Yuko nyumbani, ana makovu shingoni, anatembea, anatukana kuku.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Nilimpelekea kopo nikimtaka aseme ni sumu. Hakusema. Alisema unga wenyewe yawezekana haukumdhuru, bakteria wa namna hiyo huenda wakalisaidia tumbo, na kuhusu ukurutu wataalamu bado wanabishana, wengine wanaona wanasaidia kidogo, wengine hawaoni kitu. Kilichomwangusha mtoto ni ngozi iliyoachwa wazi bila dawa mpaka vidudu vikapata mlango. Kama ungependa kumpa unga, akasema, ungempa, na marhamu ungempaka. Alisema bila hasira hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira ya watu wawili.

Niliporudi Sehitwa niliwaita wanawake wote kwenye moto nikawaeleza. Unajua walinijibu nini? Kwamba mzee amechanganyikiwa kwa ajili ya mjukuu wake, pole sana, kila mtoto na bahati yake. Kitukuu wa Bibi Kaurivi, mvulana wa umri wa Mbakondja, miguu yake sasa inatoa maji yaleyale na harufu ileile. Nilimwonyesha Bibi Kaurivi miguu hiyo, nikamsihi. Akanitazama chini hadi juu akasema, "Alfeus, ulionja ukameza. Leo unataka kututapikia?" Kisha akanipeleka ndani kwake. Ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, amebandika picha za Hilde alizozikata kwenye kopo. Akaniambia niseme basi kwamba huyu mtoto ni mwongo. Nikatoka nje.

Muuguzi wa zahanati anapita nyumba kwa nyumba, wanampokea, wanamkaribisha kiti, marhamu wanaichukua na kuipanga kabatini. Hapa neno langu limeshindwa na ulimi wangu. Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kusikia likifanywa na mtu wa ukoo wetu.

Nimeacha kuonja.

Tangu Jumapili iliyofuata kibuyu kinaletwa, naweka kiganja juu ya mdomo wake, nageuza uso. Maziwa yamejaa kila chombo boma zima, yanafurika, yanachemka yenyewe kwa uchachu, mbwa wanalamba yanayomwagika na hakuna mtu anayegusa. Watoto wanakunywa chai ya rangi. Wanaume wananipita kana kwamba mimi ni nguzo. Mbakondja bado ananyonya, yeye hakosi, na hilo nalo wananisema. Bibi Kaurivi alikuja hadi kwenye ua akapiga kelele, "Unatunyonga kwa maziwa yetu wenyewe, mzee wewe!" Nikamwambia nitaonja siku shahidi wangu atakapofika. Akauliza ni nani huyo. Nikasema ni mdogo wangu Gerson. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Gerson? Yule akiulizwa kama jua limechomoza, atasema ngoja nimuulize mke wangu!"

Sikukutetea.

Sasa najua utakavyosema. Utasema, kaka, mbona unaniandikia mimi, mkaripie Uazuva, ni mtu mzima. Basi sikiliza. Uazuva alikuja Maun. Alisimama karibu na kitanda cha mtoto, macho mekundu, mkononi ana kopo jingine, akaniomba kwa unyenyekevu nimruhusu ampe dozi kubwa zaidi, kwa sababu alimwona binti yake akipona mbele ya macho yake na hawezi kuelewa kwa nini huyu haponi. Nilimtazama vizuri, maana nimewatazama watoto wakidanganya kwa miaka yote niliyofundisha. Hakuwa anadanganya. Mwanao anaamini kila neno alilotuambia. Laiti angekuwa mwongo, ningejua la kumfanya.

Siku ya pili yake akaja Albertine, mkewe, peke yake, kwa basi. Aliketi nami kwenye benchi, akalia kwanza, ndipo akasema. Alisema kwamba Hilde alipokuwa amepasuka mashavu, Uazuva akimpa unga ule asubuhi na jioni bila mabadiliko yoyote, wewe Gerson ulimchukua mtoto ukampeleka kwa daktari wa ngozi pale mjini. Ukasema unampeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Ukapewa marhamu, ukaiweka kwako, na kila jioni mtoto alipokuja kuwasalimu wewe na Emgard, wewe mwenyewe ndiye uliyempaka, kwa kidole chako. Ngozi ikatulia. Uazuva akaona, akapiga picha, akapiga magoti sebuleni mwenu akamshukuru Mungu. Na wewe ulikuwepo. Albertine anasema ulimtazama yeye, ukaweka kidole mdomoni.

Alikuuliza baadaye kwa nini. Ukamjibu kwamba kijana amesimama kwa mara ya kwanza katika maisha yake, usimwangushe.

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, na nisingependa kulisema vibaya kuliko lilivyo. Nakuelewa. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu, kwamba nakuelewa. Ulitaka mwanao asimame, na alisimama, juu ya shingo ya mjukuu wangu. Ulimponya mjukuu wako kwa dawa ya hospitali, kisha ukamwacha mwanao aje kwetu, huku ng'ambo, kwa watu waliopoteza kila kitu isipokuwa kuaminiana, awaambie dawa hiyo ni mwizi. Ulijua. Alipokuwa anapakia makopo garini, ulimsaidia kubeba. Hilo pia ameniambia.

Sijamwambia Uazuva. Albertine ameniomba jina lake lisitajwe Sehitwa, na sitalitaja, maana mkamwana akimshuhudia baba mkwe wake kwetu hapa hapati tena pa kuketi. Na mimi siwezi kuapa kwenye moto juu ya jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Macho yaliyoliona ni yako. Kidole kilichopaka ni chako.

Kwa hiyo njoo. Panda basi, au mwambie mwanao akulete kwa gari lake, mtakuwa na saa nyingi za kuzungumza kabla ya kufika mpakani. Simama kwenye moto mbele ya Bibi Kaurivi na wanawake wote, useme kwa mdomo wako nini kilipakwa kwenye mashavu ya Hilde. Utachekwa. Utatukanwa, na wanawake wa hapa unawajua. Mwanao huenda asiongee nawe mwaka mzima. Baada ya hapo, kwa kuwa wewe ndiye unayenifuata, utakichukua kibuyu uonje wewe, nami nitakunywa baada yako, na watu watakunywa, na marhamu itashuka kwenye makabati.

Usipokuja, sikiliza nitakalofanya. Kitukuu wa Kaurivi hana muda wa kusubiri aibu yako iishe. Mchungaji anarudi huku Ijumaa ijayo. Asiporudi nawe garini, Jumamosi asubuhi nitawaita wote, nitamwaga maziwa ya kibuyu changu juu ya moto wa babu yetu mpaka uzime, na nitawaambia kwamba kuanzia leo hakuna mtu anayeonja kwa niaba ya mwingine. Kila mama aonje cha kwake, amuulize muuguzi, amtazame mtoto wake kwa macho yake mwenyewe. Babu alilibeba kaa la moto huo akikimbia vita, akavuka jangwa ambako watu waliacha maiti za ndugu zao wakaendelea kutembea. Nitalizima kwa mkono huu ninaoandikia. Usidhani natisha. Kuni za Jumamosi sijaagiza.

Msalimie Emgard, mwambie apunguze mkate mweupe. Msalimie Albertine kama binti, si kama mkamwana. Hilde mbusu kwenye mashavu yote mawili, na usimweleze kitu, uso wake hauna kosa lolote. Veundja anawaamkia. Mbakondja hajui kuamkia bado, ila nilipomwambia nakuandikia barua alikuja akachukua kalamu, akachora hapo chini hiyo mistari unayoiona.

Mchungaji akimaliza chai yake, mpe jibu kwa mdomo. Karatasi usitume.

Ni mimi, kaka yako niliyenyonya kabla yako,

Alfeus